Anayebaki na Ufunguo Usiku

Maandishi ya mazungumzo kuhusu kuajiri waangalizi na walinzi, yaliyotolewa kwa wasimamizi wa makao salama na makao ya watoto, wenye nyumba za kupanga na maafisa wa ajira katika kaunti



Saa kumi na moja jioni, katika makao ya kuwahifadhi manusura wa dhuluma za kijinsia, lango hufunguliwa mara kadhaa mfululizo. Msimamizi anatoka na mkoba wake. Mshauri nasaha anamfuata, maana anawahi matatu. Karani wa hesabu alishatoka. Mpishi akimaliza kugawa chakula naye anaaga. Kuanzia hapo hadi saa moja asubuhi, yaani kwa saa 14, makao yote huwa mikononi mwa watu wawili: mwangalizi wa zamu aliye ndani na mlinzi aliye langoni. Wikendi na sikukuu hali huwa hiyo hiyo mchana kutwa.

Sasa na itazamwe orodha ya wafanyakazi ilivyo katika makao mengi. Majina hayo mawili yako chini kabisa. Msimamizi alihojiwa na jopo, akaleta vyeti vya chuo, akaulizwa maono yake ya miaka mitano. Mlinzi aliletwa na mtu. Mwangalizi alikuwa akifua nguo hapo, akaonekana ni mpole, akaambiwa alale ndani. Hivyo anayekaa na wahifadhiwa kwa saa nyingi zaidi, na katika saa mbaya zaidi, ndiye aliyeajiriwa kwa uangalifu mdogo zaidi. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kugeuza jambo hilo.

Kwanza, majina. Neno "mlinzi" limebebeshwa kazi nyingi mno. Yuko soja wa langoni, ambaye kazi yake ni nani anaingia na nani anatoka. Yuko mwangalizi wa ndani, ambaye katika makao ya watoto na shule za bweni huitwa matroni au patroni; huyu kazi yake ni watu walio ndani, usingizi wao, maradhi yao, ugomvi wao. Na yuko keateka wa nyumba za kupanga, anayekusanya kodi, kuita fundi wa mifereji na kujua nani anaishi na nani. Kazi hizi hazifanani, na kosa la kawaida ni kumpa mtu mmoja zote tatu kwa mshahara wa moja. Hata hivyo wote wana mambo mawili yanayofanana. Wana ufunguo, na wanajua nani analala wapi. Mtu mwenye vitu hivyo viwili ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake kinavyoonyesha.

Sheria inalijua hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inamtaja anayesimamia makao ya watoto au mahali pengine pa kuzuilia watu, na mwingine yeyote aliyepewa dhamana juu ya mtu, akitumia nafasi hiyo kumwingilia aliye chini ya uangalizi wake. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10. Mwangalizi wa usiku anapaswa kusomewa kifungu hicho siku ya kwanza kazini, na si kwa vitisho. Ni ili ajue kwamba serikali haimchukulii kama mtu wa kufungua mlango tu.

Kabla ya kutangaza nafasi, kazi yenyewe iandikwe. Inaonekana jambo dogo, lakini makao mengi hayana karatasi hata moja inayosema mwangalizi hufanya nini. Karatasi hiyo iseme kwamba mwangalizi humpokea anayeletwa usiku na polisi au chifu, humpa maji, chakula na mahali pa kulala, na humwita msimamizi kwa simu. Iseme anazunguka vyumbani mara ngapi na anaandika nini. Iseme pia asichopaswa kufanya. Mwangalizi si mshauri nasaha. Mama aliyefika saa nane usiku akiwa amepigwa hahitaji kuulizwa alimkosea nini mumewe, wala kuombewa kwa sauti, wala kuambiwa kwamba ndoa ni kuvumilia. Wapo waangalizi wenye moyo mzuri kabisa wanaosema maneno hayo, na mama huyo asubuhi anarudi alikotoka.

Mpaka kati ya ndani na nje nao uandikwe. Mlinzi wa langoni hana kazi katika vyumba vya kulala vya wanawake na watoto, mchana wala usiku, isipokuwa kwa dharura, na akiingia kwa dharura aandike kwenye kitabu cha matukio. Mwangalizi wa ndani katika makao ya wanawake na wasichana awe mwanamke. Na usiku wasipungue watu wawili. Bajeti ikigoma, heri kupunguza kitu kingine, kwa sababu mtu mmoja peke yake hawezi kumpeleka mtoto mwenye homa hospitalini na wakati huo huo kubaki na wengine kumi.

Kuhusu kutangaza nafasi, kwa makao yaliyo chini ya serikali ya kaunti njia ni moja. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hutangaza nafasi hadharani, kama Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inavyoagiza, na sheria hiyo hiyo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Kuomba kazi ni bure. Mwananchi akiombwa "kitu kidogo" ili jina lake liingie kwenye orodha, huo ni ulaghai au ni ufisadi, na vyote viwili huripotiwa.

Katika kazi hii asilimia hiyo 30 ina faida ambayo pengine waliotunga sheria hawakuifikiria. Katika mji mdogo kila mtu ni shemeji wa mtu. Mlinzi aliyezaliwa kijiji kimoja na mume wa manusura anajua familia zote mbili, amekula harusi yao, na mama mkwe ana namba yake ya simu. Si lazima awe mtu mbaya. Anaweza kuamini kwa dhati kwamba anasaidia kuwapatanisha anapomnong'onezea ndugu yake kwamba "shemeji yuko salama, yuko hapa kwetu." Kwa neno hilo moja makao hayo yamekwisha kuwa salama. Mtu wa mbali hana mzigo huo. Lakini mtu wa mbali naye huenda haelewi lugha ya bibi aliyeletwa kutoka kijijini, na saa tisa usiku hakuna mkalimani. Kwa hiyo timu ichanganywe. Wa karibu waajiriwe kwa sharti la kusema mapema, kila anapoletwa mhifadhiwa mpya, kama wanajuana. Akisema anajuana naye, abadilishwe zamu bila kulaumiwa. Akificha, hilo liwe kosa la kumfukuzisha kazi.

Kwa makao ya mashirika na ya makanisa, tatizo ni lile la "mtoto wa fulani". Mwenyekiti wa kamati ana mpwa asiye na kazi. Mpwa anaajiriwa kuwa patroni. Siku malalamiko yakija, nani atayapokea? Mwenyekiti. Kamati zinazotaka kuepuka aibu hii huandika katika kanuni zao kwamba ndugu wa mwanakamati hataajiriwa kwenye nafasi ya kukaa na wahifadhiwa, na hapo mjadala unaishia kwenye karatasi badala ya kuishia kwenye uhusiano wa watu.

Sasa uchunguzi wa mwombaji. Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, huombwa kupitia eCitizen, na mwombaji huchukuliwa alama za vidole. Wengi hukiitisha kwa kila mwombaji, hata wale 200 walioomba nafasi 2. Hivyo sivyo. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanaruhusu vyeti hivyo viitishwe kwa mtu ambaye mwajiri anakusudia kumpa mkataba. Kijana asiye na kazi hapaswi kulipia karatasi ya kwenda kukaa kwenye faili. Mhoji kwanza, mchague, kisha umwambie alete cheti kabla ya kutia sahihi.

Cheti chenyewe kina mipaka yake. Kinasema mtu hana rekodi ya jinai. Hakisemi kwamba hajawahi kufanya lolote. Kesi nyingi za dhuluma dhidi ya watoto hazifiki mahakamani. Zinaishia barazani, au mtuhumiwa anaombwa ajiuzulu kimya kimya ili jina la shule lisichafuke, naye anahamia kaunti nyingine na cheti safi. Ndiyo sababu simu kwa mwajiri wa zamani inashinda karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, aina ya kazi na mahali alipofanyia. Mwombaji aliyefanya kazi miaka minne katika makao mawili anapaswa kuwa na hati mbili. Akiwa hana hata moja, huenda waajiri wake walikuwa wazembe, maana wengi ni wazembe. Huenda pia kuna miezi ambayo hataki iulizwe. Aulizwe kwa upole, mwezi kwa mwezi.

Simu ikipigwa kwa mwajiri wa zamani, swali la maana ni moja: "Je, leo ukimhitaji mtu, utamwajiri tena?" Watu huona vigumu kumsema vibaya aliyeondoka. Lakini swali hilo huwafanya wanyamaze kidogo kabla ya kujibu, na huo unyamavu nao ni jibu. Pia ni vyema kumpigia aliyekuwa msimamizi wake wa karibu, badala ya namba ambayo mwombaji mwenyewe aliiandika kwenye wasifu, kwa kuwa namba hiyo mara nyingine ni ya binamu.

Kwa walinzi kuna hatua ya ziada. Sheria ya Kudhibiti Usalama wa Kibinafsi ya mwaka 2016 iliunda mamlaka, PSRA, inayosajili kampuni za ulinzi na walinzi wenyewe. Mwajiri aitishe usajili na uthibitisho wa mafunzo. Mzee wa rungu aliyelinda duka kwa miaka 20 anaweza kuwa bora kuliko kijana mwenye sare, hakuna anayebisha. Lakini asaidiwe kusajiliwa na kufunzwa, asiachwe nje ya sheria ili tu alipwe kidogo.

Mahojiano ndiyo sehemu ambayo paneli nyingi hupoteza nafasi. Mwombaji anaulizwa udhaifu wake ni upi, naye anajibu kwamba anafanya kazi kupita kiasi. Kila mtu anaandika alama 7. Mahojiano ya mlinzi na mwangalizi yafanyike kwa mifano, na yafanyike wakiwa wamesimama langoni, na mwanajopo mmoja akiigiza.

Mfano wa kwanza. Ni saa nne usiku. Mwanamume aliyevaa vizuri, asiyelewa, ameshika mkate na maziwa. "Soja, habari ya kazi? Mke wangu yuko ndani. Sina neno naye. Nataka tu kumpa mtoto maziwa, halafu niende." Anatoa noti ya Sh500. Paneli isisikilize tu kama mwombaji atakataa pesa; karibu wote watakataa mbele ya paneli. Isikilize atakavyojibu kuhusu mke. Anayesema "mkeo amelala, rudi kesho" ameshathibitisha kwamba mke yuko. Anayesema "huyo hayuko hapa" amedanganya, na pia ameonyesha kwamba anawajua walio ndani kwa majina. Jibu la mlinzi aliyefunzwa ni lile lile kwa kila mtu na kila siku: hapa hatuzungumzii nani yuko na nani hayuko, ukiwa na shida piga simu ofisini asubuhi. Kisha anaandika saa, sura na namba ya gari, na anampigia msimamizi.

Ugumu uongezwe. Mwanamume yule yule amerudi na mtu anayesema ni afisa wa polisi, hana sare. Au simu imepigwa na mheshimiwa fulani. Mlinzi hawezi kugombana na polisi, wala hapaswi. Anaweza kuomba kitambulisho cha kazi, kuuliza afisa anatoka kituo gani, na kumpigia msimamizi ambaye atakipigia kituo kabla ya lango kufunguliwa. Afisa aliyetumwa kazini hatachukizwa na dakika tano hizo. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inampa polisi wajibu wa kumwelekeza mlalamishi kwenye makao na matibabu, na inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumkinga. Kukiwa na amri ya namna hiyo, mlinzi aelezwe inamhusu nani na aonyeshwe picha yake. Kumficha mlinzi habari hiyo kwa jina la usiri ni kumweka langoni akiwa amefumbwa macho.

Mfano wa pili huwashinda wengi. Ni saa nane usiku, na ni mama mwenyewe anayetaka kutoka. Analia, ana mtoto mgongoni, anasema anarudi nyumbani. Mlinzi afanye nini? Waombaji wengi hujibu kwa fahari kwamba hawatamfungulia. Nia yao ni njema, lakini makao si gereza. Mtu mzima aliyeingia kwa hiari yake ana haki ya kutoka. Anachoweza kufanya mlinzi ni kumwita mwangalizi, na mwangalizi akae naye, ampe chai, ampigie msimamizi au mshauri, amweleze kwamba gari linaweza kupatikana asubuhi. Akisisitiza, anafunguliwa, na inaandikwa. Mwombaji anayesita hapa, anayeuliza "na mtoto je?", anafaa kuliko yule mwenye jibu la haraka. Suala la mtoto ni gumu kweli, na ndiyo maana simu ya msimamizi haizimwi usiku.

Mfano wa tatu ni moto. Mwombaji anaulizwa tu: ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi sasa hivi? Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Makao ya manusura yako katika mvutano mgumu hapa, maana kile kinachomzuia mume asiingie ndicho kinachoweza kumzuia mtoto asitoke. Mvutano huo hauishi kwa kufuli kubwa zaidi. Unapunguzwa na mwangalizi aliye macho, mwenye ufunguo mwilini, si kwenye droo ya ofisi iliyofungwa. Kuzima moto ni kazi ya kaunti, na zimamoto wanaweza kuombwa wafike kuendesha mazoezi ya usiku. Yafanyike usiku kweli, taa zikiwa zimezimwa.

Baada ya hayo yote mtu aliyechaguliwa analipwa nini? Hapa ndipo maneno mazuri huisha. Amri za mishahara ya chini nchini zina daraja la mlinzi wa usiku, juu kidogo ya kibarua wa kawaida, na kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku 6, na saa 60 kwa anayefanya kazi usiku. Mlinzi wa zamu ya saa 12 kwa siku 6 anafanya saa 72. Saa 12 za juu, hata ukihesabu kwa kipimo cha usiku, lazima zilipiwe kama saa za ziada. Nyingi hazilipiwi. Kisha msimamizi anashangaa mlinzi kulala saa tisa usiku, au kukubali ile noti ya Sh500. Noti hiyo ina uzito kwa mtu ambaye mshahara umechelewa miezi miwili, na mume wa manusura analijua hilo vizuri kuliko kamati.

Mkataba wa miezi 3 na zaidi lazima uandikwe. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamgeuza kuwa mfanyakazi wa mkataba, apende mwajiri asipende. Siku moja ya mapumziko katika siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka si zawadi. Na kuna vitu ambavyo hakuna kifungu kinachohitajika ili vionekane ni vya lazima: choo, kibanda kisichovuja, koti la mvua, tochi yenye betri, simu yenye muda wa maongezi uliolipiwa na ofisi. Mlinzi anayetumia simu yake mwenyewe kuita msaada atafikiria salio kabla ya kupiga.

Makao yanayochukua walinzi kwa zabuni kutoka kampuni yana tahadhari yake. Kampuni huleta mtu mpya kila wiki, na kila mtu mpya ni mtu mmoja zaidi anayejua makao yalipo. Mkataba wa zabuni useme walinzi ni hao hao kwa muda uliokubaliwa, majina yao yatolewe mapema, na makao yawe na haki ya kumkataa mmoja. Useme pia kampuni italeta uthibitisho wa mishahara iliyolipwa. Zabuni ya bei ya chini mno haitoki hewani. Inatoka mfukoni mwa mlinzi.

Nyumba za kupanga zinahitaji neno lao. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mauaji ya wanawake katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi yaliwatoa maelfu ya watu barabarani tarehe 27 Januari, na maswali mengi yakaelekezwa langoni: nani aliandikwa, nani hakuandikwa. Sheria ya mwaka 2016 inamruhusu mlinzi kumtaka mgeni ajitambulishe na kuandika saa ya kuingia na kutoka, na inakataza habari hizo kutumiwa kwa jambo jingine. Ila kitabu cha wageni kimekuwa gazeti la bure. Kiko wazi mezani, kila anayekuja anasoma jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na nyumba anayoenda aliyemtangulia. Wasichana wametumiwa ujumbe wa mapenzi na walinzi waliotoa namba humo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mwenye nyumba anabeba dhamana ya kitabu hicho. Kifunikwe, kifungiwe kikijaa, na mlinzi afunzwe kwamba namba hizo si zake. Katika makao ya manusura, safu ya "unamtembelea nani" iondolewe kabisa.

Keateka naye ana funguo za akiba. Aandikiwe zinatumika lini na mbele ya nani. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mpangaji hata akiwa na deni la kodi. Lakini keateka huyo huyo ndiye wa kwanza kusikia ukuta ukigongwa na mtu akilia. Wenye nyumba wengi humwambia asijiingize katika mambo ya watu na wake zao. Aambiwe kinyume chake: apige 999 au 112 kwa polisi, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa mtoto, na mwenye nyumba atasimama naye mpangaji akilalamika.

Aliyeajiriwa asiachwe peke yake wiki mbili za kwanza. Afanye zamu na mzoefu, usiku zaidi ya mchana. Sheria inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi 6, ambao unaweza kuongezwa kwa miezi isiyozidi 6 kwa ridhaa yake, na muda huo utumike kweli. Kitabu cha matukio kisomwe kila asubuhi na msimamizi, kitiwe sahihi. Kitabu kinachosema "usiku ulikuwa shwari" siku 30 mfululizo, katika nyumba yenye watoto kumi, hakijaandikwa, kimenakiliwa. Wahifadhiwa nao wawe na njia ya kusema kuhusu mwangalizi bila kupitia kwake, kwa simu au kwa mwanakamati anayefika kila wiki na kuketi nao.

Na siku mwangalizi au mlinzi anapoondoka, kwa heri au kwa shari, mambo manne yafanyike siku hiyo hiyo, kabla hajatoka langoni. Anarudisha funguo na simu ya ofisi. Analipwa alichobakiza. Anapewa hati yake ya utumishi, iliyoandikwa ukweli. Na kufuli zinabadilishwa, hata kama alikuwa mtu mwema kuliko wote, naye anaelezwa hivyo ana kwa ana.